Injini Ikinoki Idete, Nani Alipaswa Kubadili Oili?

Pikipiki ikinoki, maneno ni yale yale kila mahali. Dereva anasema, "Nilipewa kimeo." Tajiri mwenye pikipiki anasema, "Umeiendesha kama ya wizi." Muuzaji dukani anasema waranti imekwisha, na isitoshe hukuirudisha kwa sevisi ya kwanza. Fundi anaifungua, anachovya kidole kwenye oili, anakinusa, anatikisa kichwa, halafu anataja bei. Nimeyasikia hayo Manzese, nimeyasikia Msamvu, na juzi juzi nimeyasikia Idete. Nikaona badala ya kuandika tena habari ya "vijana wa bodaboda walia na pikipiki feki" (wadau mnazijua habari hizo, nami nimeziandika za kutosha gazetini), nifuatilie ugomvi wenyewe ulianzia wapi. Ulinipeleka mbali kuliko nilivyotegemea.

Kwa wasiopafahamu, Idete ni kata ya wilaya ya Kilombero, magharibi ya Ifakara, ukishika njia ya kwenda Mlimba. Wengi wanaijua kwa gereza lake na kwa mpunga. Watafiti wa malaria nao wanaijua kwa mbu, maana Taasisi ya Afya Ifakara imefanya kazi katika vijiji vya huko kwa miaka mingi. Kiangazi ni vumbi jepesi kama unga linaloingia mpaka kwenye meno. Masika Kilombero unafurika, vumbi lile lile linageuka tope la kunasa. Katikati ya hayo mawili pikipiki inabeba gunia la mpunga, mama na mtoto wake kwenda kliniki, kitanda, mbuzi, na wakati mwingine jeneza. Mtengenezaji aliandika kwenye kitabu kwamba chombo ni cha watu wawili. Sawa, na sisi tumesikia.

Tuanze na injini yenyewe, kwa sababu bila kuielewa ugomvi hautaeleweka.

Injini ya mapigo manne hufanya kazi kama jina lake lilivyo: inavuta, inabana, inalipua, inatoa. Valvu mbili zinafunguka na kufunga kwa zamu, zikiendeshwa na kamshafti. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde moja. Nafasi ya tapeti katika injini nyingi za aina hii ni ndogo kuliko unene wa karatasi ya daftari. Katika Honda CG125 ni milimita 0.08. Kinachozuia chuma kisile chuma kwa mwendo huo ni oili, na pikipiki ndogo hubeba kama lita 1 tu. Lita hiyo moja inalainisha pistoni, kamshafti, gea na klachi, vyote kwa pamoja. Vumbi likipenya kwenye chujio la hewa lililotoboka linaingia kwenye silinda, linachanganyika na oili, na oili inakuwa msasa.

Hapa kuna jambo ambalo nadhani halijasemwa vya kutosha. Pikipiki nyingi za zamani, Vespa na zile Yamaha na Suzuki za maafisa kilimo, zilikuwa za mapigo mawili. Zile oili yake inaungua pamoja na petroli. Unachanganya kituoni au unajaza kwenye kitangi chake kidogo, na kila ukienda kuweka mafuta unakumbushwa. Ukisahau, inakufa siku hiyo hiyo, na kila mtu anajua nani alisahau! Injini ya mapigo manne ina tabia nyingine. Oili yake inakaa tumboni, haionekani, na pikipiki inaendelea kutembea kwa wiki na miezi huku oili imekuwa nyeusi kama lami. Inakuja kufa mikononi mwa mtu mwingine kabisa. Tulipohama kutoka mapigo mawili kwenda manne tulipata injini isiyojaza moshi mtaani na inayokunywa petroli kidogo, lakini wajibu wa oili ulitoka kwenye pampu ya mafuta ukahamia kwenye kumbukumbu ya mtu. Mtu gani? Hapo ndipo pana kesi.

Katika ulimwengu wa pikipiki za porini, mapigo manne yalipata heshima kubwa mashindano ya kwanza ya Paris–Dakar yalipomalizika Januari 1979, mshindi akiwa Mfaransa Cyril Neveu juu ya Yamaha XT 500. Zikapita nchi za Sahara na kufika pwani ya Senegal. Huku kwetu zilizojulikana zaidi ni ndogo zao, hasa Honda XL, zile ndefu zenye tairi za mafundofundo, ambazo miradi ya wafadhili, misheni na idara za serikali zilizipenda. Mtoto wa mwalimu wa miaka ile akiona XL imesimama nje ya ofisi ya kata alijua kuna posho ndani.

Injini ya XL 125 ilikuwa na kamshafti juu, kwenye hedi, ikiendeshwa na cheni ndogo iliyopita pembeni mwa silinda. Ni mpango mzuri, unaipa injini wepesi wa kuzunguka. Lakini kamshafti hiyo ilizunguka juu ya aluminiamu ya hedi yenyewe, bila beringi. Oili ikiwa safi, hakuna neno. Oili ikichoka, au ikipungua, sehemu ya kwanza kukauka ni huko juu, na hedi ikishakwanguka hakuna cha kubadilisha isipokuwa hedi nzima. Sasa niambie, hilo ni kosa la kiwandani au ni uzembe wa mwendeshaji? Ukiuliza Japani watasema kitabu kilieleza kila kitu. Ukiuliza Kilombero, watauliza kitabu kipi.

Honda walijiuliza swali hilo hilo, na jibu lao ni kati ya mambo ninayoyapenda sana katika historia ya viwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wakiuza pikipiki ndogo zenye kamshafti juu katika nchi za Asia, na zilikuwa zikirudi zimekufa mapema. Wakatuma wahandisi wakaone wenyewe, Pakistan ikiwamo. Walichokikuta ni kitu ambacho mkazi yeyote wa Idete angewaeleza bure: watu wanabeba mizigo mara mbili ya iliyoruhusiwa, hawabadili oili mpaka fundi aseme, hawasafishi chujio, hawapaki cheni mafuta. Kampuni ingeweza kuandika barua kali kwa mawakala, iongeze kurasa kwenye kitabu, ifute waranti. Badala yake mhandisi wa injini, Takeshi Inagaki, alirudi nyuma kiteknolojia kwa makusudi.

Aliishusha kamshafti kutoka kwenye hedi, akaiweka chini karibu na krankishafti, mahali ambapo oili inarukaruka muda wote hata ikiwa kidogo. Valvu zikawa zinasukumwa na fito ndefu, mpango uliokuwa ukionekana wa kizee hata wakati ule. Cheni ya ndani ikaondolewa kabisa, kwa hiyo hakuna cheni ya kulegea. Cheni ya nje ikafunikwa bati zima ili vumbi lisiiguse. Pikipiki hiyo ndiyo CG125, ikaanza kuuzwa mwaka 1976. Mwaka huo huo ikaanza kuundwa Manaus, Brazil. Pakistan wanaipenda mpaka leo.

Angalieni alichofanya Inagaki. Hakukubali kwamba injini iliyokufa kwa kukosa oili ni kosa la mwenye pikipiki peke yake. Alisema, kama nilijua hutabadili oili na bado nikakuundia injini isiyovumilia, basi na mimi nimo (hayo ni maneno yangu, si yake, lakini injini yenyewe inayasema). Sehemu ya wajibu wa matunzo aliichukua kutoka kwa dereva akaihamishia kwenye meza ya mchoraji. Si wajibu wote, maana hata CG ikinyimwa oili inakufa. Ila inakupa nafasi ya kukumbuka.

Sasa tukiruka miaka kidogo tunafika Chongqing, China. Tangu miaka ya 1980 makampuni ya Japani, Honda likiwamo, yaliuza teknolojia kwa viwanda vya Kichina, na injini ya CG ikaenea kuliko zote kwa sababu ni nyepesi kuiunda na nyepesi kuitengeneza. Miaka ya 1990 mji wa Chongqing ulijaa viwanda vya pikipiki, vingi vikitengeneza ndugu wa CG: wa sisi 125, wa 150, wa 200. Kiwanda kimoja kinatengeneza pistoni, kingine kabureta, kingine gea, na wa mwisho anaunganisha na kubandika jina lake kwenye tangi. Ndiyo maana ringi ya pikipiki ya jina hili inaingia kwenye pikipiki ya jina lile, na mafundi wetu wanalifurahia hilo kwelikweli.

Kwa hiyo wimbi la pikipiki za Kichina lilipotufikia katikati ya miaka ya 2000, na kwingine watu wakaanza kuita kila pikipiki "toyo" kama tunavyoita kila dawa ya meno "kolgeti", kilichotua Kilombero kilikuwa mjukuu wa ile michoro ya Inagaki. Injini iliyobuniwa kwa ajili ya mtu asiyebadili oili ilimfikia mtu huyo hasa. Lakini michoro inasafiri kirahisi kuliko chuma. Ugumu wa kamshafti hauonekani kwa macho, wala ubora wa ringi. Pistoni mbili ukiziweka juu ya meza ya fundi zinafanana kama mapacha. Moja itatembea miaka mitatu na nyingine itakwangua silinda kabla ya mavuno. Ukiongeza na spea feki zinazowekwa kwenye maboksi ya majina makubwa, na oili iliyotumika inayochujwa na kurudishwa kwenye kopo jipya, ule uvumilivu uliowekwa kwenye mchoro unaliwa kidogo kidogo.

Bonde la Kilombero si geni na ugomvi huu wa mashine na matunzo, maana reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi 1976, inapita humo humo. Vichwa vya kwanza vya Kichina vilisumbuka sana kupanda mlima kutoka Mlimba kwenda Makambako, na mwaka 1983 vikaingizwa vichwa vyenye teknolojia ya General Electric vya kusaidia. Tena pale Mang'ula, kambi kubwa ya ujenzi wa reli, Wachina waliacha karakana iliyokuja kuwa kiwanda cha umma cha zana za mashine, Mang'ula Mechanical and Machine Tools. Karakana ya kuchonga vyuma, ndani ya wilaya ile ile! Kikadhoofika na kupoteza uhai kama vingi vya wakati wake. Pikipiki zilipojaa bondeni, bushi na gea zake zilikuwa zikitoka Kariakoo, na Kariakoo wakizitoa ng'ambo. Inaniuma kila nikipita Mang'ula, lakini hiyo ni makala nyingine.

Turudi kwenye swali la nani. Mwaka 1988 mwandishi wa habari wa Kiingereza, Barry Coleman (ndiyo, mwandishi mwenzetu, kuna siku tunafanya ya maana), alikwenda Somalia pamoja na Randy Mamola, Mmarekani aliyekuwa nyota wa mashindano ya pikipiki. Walikuta pikipiki za wahudumu wa afya zimelala, nyingi zikiwa bado changa, zimekufa kwa vitu vidogo ambavyo hakuna aliyepangiwa kuvishughulikia. Waliotoa pikipiki walihesabu kazi imekwisha siku ya makabidhiano na picha. Coleman, mkewe Andrea na Mamola wakaanzisha shirika la Riders for Health, likafanya kazi Gambia, Lesotho, Zimbabwe na kwingine. Mpango wao haukuwa wa kishujaa hata kidogo. Kila pikipiki ilipigiwa hesabu ya gharama kwa kilomita tangu mwanzo, ikijumlisha oili, chujio, tairi na ringi zitakazokuja kuchakaa. Mhudumu alifundishwa kuikagua kila asubuhi. Fundi aliifuata pikipiki kwa ratiba, akabadilisha kitu kabla hakijafa. Yaani kila kazi ilikuwa na jina la mtu mbele yake.

Hata huko Ulaya na Marekani, kwenye pikipiki za mashindano ya matope, kitu kama hicho kimewapata. Yamaha walipotoa YZ400F ya mapigo manne mwaka 1998, na Honda CRF450R mwaka 2002, vijana waliozoea injini za mapigo mawili walipata farasi wa ajabu na bili za ajabu. Vitabu vya mashine hizo huhesabu matunzo kwa saa za kuendesha badala ya kilomita. Valvu za titani zilizotumika katika baadhi yake ni nyepesi, lakini ngozi yake ngumu ya nje ni nyembamba, na vumbi dogo likipita kwenye chujio linaikwangua. Mnunuzi analalamika valvu ni mbovu. Kampuni inauliza, chujio ulilisafisha lini? Ni kesi ya Idete ile ile, ila wao wana risiti.

Sasa Idete. Pikipiki nyingi za biashara vijijini zina mwenye mali na mwenye jasho, na si mtu mmoja. Kuna mpango wa hesabu: kila siku unampelekea tajiri kiasi mlichokubaliana, injini ikifa ni yake, na siku akikasirika anachukua funguo. Na kuna mkataba: unapeleka hesabu kwa muda uliopangwa, mara nyingi mwaka au zaidi, ukimaliza pikipiki ni yako. Tuseme ni shilingi 7,000 kwa siku, kwa siku 365. Hiyo ni 2,555,000. Kijana asiye na dhamana ya benki anapata njia ya kumiliki chombo, na tajiri anapata faida yake. Siusemi vibaya mpango huu. Umewasomesha watoto wengi.

Lakini uangalie kwa jicho la ile lita 1 ya oili. Katika mpango wa hesabu, dereva akibadili oili anatunza mali ya mwingine kwa hela ya ugali wake, na asipoibadili, hasara ni ya tajiri, tena siku za mbele. Katika mkataba, pikipiki itakuwa yake miezi kumi ijayo, lakini hesabu inatakiwa leo jioni. Injini ikishushwa siku tatu, hesabu za siku hizo tatu hazisamehewi. Kwa hiyo anaisukuma na kelele zake, anaongeza oili juu ya oili chafu, anaomba Mungu ifike mavuno. Ikinoki mwezi wa kumi, tajiri anaichukua kwa kuwa bado ni yake kisheria, na kijana anaondoka na nguo zake. Kama ilikuwa na kasoro ya kiwandani tangu siku ya kwanza, hatalijua hilo, na hata akilijua hana pa kulipeleka.

Sheria ipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina vifungu vinavyomlinda mlaji, pamoja na masharti yanayohesabika kuwamo katika mauzo hata yasipoandikwa, kwamba kitu kifae kwa kazi iliyokusudiwa. Ila aliyenunua dukani ni tajiri, risiti ni ya tajiri, kitabu cha waranti kiko kabatini kwa tajiri, na aliyesikia injini ikibadilisha sauti ni dereva. Kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za biashara zilipotoka mwaka 2010 chini ya SUMATRA, kazi iliyohamia LATRA mwaka 2019, nazo zilikuja kupanga usafirishaji wa abiria. Trafiki akikusimamisha ataangalia leseni, kofia, taa. Sijawahi kuona trafiki akichomoa kijiti cha oili.

Kijana mmoja wa Idete, ambaye jina lake nalihifadhi, alinionyesha mkataba wake wa zamani. Karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne, ina saini mbili, dole gumba moja na muhuri wa serikali ya kijiji. Mistari minane inazungumzia hela: kiasi, saa ya kuleta, faini ya kuchelewa, nini kitatokea akikosa siku tatu. Mstari wa tisa unasema, "Matengenezo yote ni juu ya dereva." Basi. Pikipiki ile ilinoki baada ya miezi kumi na moja. Fundi wake, anayefanyia kazi chini ya mwembe jirani na kijiwe, ameiweka ile pistoni kwenye kopo la rangi pamoja na nyingine kama ishirini. Aliitoa akanionyesha michirizi ubavuni kwa ukucha. "Hii ni vumbi," akasema. Akachukua nyingine. "Hii ni chuma laini, hii hata ungeipa asali ingekufa." Nilimwuliza kama kuna dereva au tajiri aliyewahi kumwomba aandike hayo kwenye karatasi. Akacheka.

Kijana amepata tajiri mwingine, na nilipokuwa pale walikuwa wanaandikishana. Safari hii aliomba mistari miwili iongezwe: oili na chujio la hewa kila baada ya kilomita 1,000, gharama zitoke kwenye hesabu ya siku hiyo, na pikipiki ikae kwa fundi nusu siku bila faini. Walibishana kuanzia saa nne mpaka adhana ya adhuhuri. Tajiri alikubali oili. Nusu siku aliipunguza ikawa saa mbili. Chujio alikataa, akasema hilo ni la kupuliza tu kwa mdomo.